Ndege ipimayo mvutano milimani: Mwenye hisa asome nini kwenye ramani yake

Taarifa za kampuni za utafutaji mafuta, gesi na madini zina sentensi moja inayojirudia: upimaji wa mvutano wa ardhi kwa ndege umekamilika na matokeo yanatia moyo. Ikishatoka tu, simu za madalali huanza kulia. Bei ya hisa hupanda senti chache, pengine zaidi, na walionunua mapema hujipongeza. Wachache huuliza ndege hiyo imepima kitu gani hasa, na kama kipimo chake kinaaminika katika nchi yenye milima na mabonde marefu kama yetu ya Afrika Mashariki.

Swali hilo lina thamani ya fedha. Maeneo mengi yanayotafutwa mafuta katika ukanda huu yako ndani ya Bonde la Ufa, ambako sakafu ya bonde na ukingo wake hupishana kwa mamia ya mita na mahali pengine zaidi ya kilomita moja. Gari la kupima mitetemo ya ardhi halipandi huko bila kukatiwa barabara, na kukata barabara ni gharama. Ndege hupita juu kwa siku chache. Lakini urahisi huo una bei yake, nayo haiandikwi katika kurasa za mbele za taarifa ya kampuni.

Gunia la mahindi na mizani ya springi

Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Mfanyabiashara mwenye gunia la kilo 100 na mizani ya springi, akilipima kwenye ikweta usawa wa bahari kisha akalipeleka ncha ya kaskazini, atakuta mizani inaonyesha karibu nusu kilo zaidi, ingawa hakuna punje iliyoongezwa. Sababu ni mzunguko wa dunia pamoja na umbo lake lililovimba kidogo katikati. Tofauti hiyo inajulikana na hukokotolewa kwa urahisi. Mtafuta mafuta hutaka tofauti ndogo zaidi, ile inayotokana na miamba iliyo chini ya miguu yake.

Mwamba mzito huvuta zaidi, mwamba mwepesi huvuta kidogo. Bonde lililojaa mashapo, yaani mchanga, tope na mawe ya tabaka yaliyoshindiliwa kwa mamilioni ya miaka, ni jepesi kuliko mwamba mgumu wa kale unaolizunguka. Mafuta hupikwa na kuhifadhiwa ndani ya mashapo hayo, kwa hiyo kulijua bonde lilipo na kina chake ni hatua ya kwanza ya biashara nzima.

Kipimo kinachotumika huitwa miligali, kwa heshima ya Galileo wa Italia. Mvutano wote wa dunia ni karibu miligali 980,000, hivyo miligali moja ni takriban sehemu moja ya milioni. Kwa tani moja ya mahindi hiyo ni sawa na gramu moja. Bonde lenye mashapo ya unene wa kilomita 3, ikiwa kila sentimita ya ujazo ya mashapo ni nyepesi kwa gramu 0.3 kuliko mwamba wa pembeni, hupunguza mvutano kwa miligali 38 hivi. Mkunjo mdogo ndani ya bonde hilo, ule ambao huenda ndio umenasa mafuta, unaweza kuleta miligali moja au mbili tu. Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Mizani ndani ya daladala

Kupima gramu moja kwa tani ukiwa umetulia ardhini ni kazi ya kawaida. Wapimaji wamekuwa wakiifanya kwa miaka mingi kwa chombo kiitwacho gravimita, ambacho kwa lugha nyepesi ni springi nyororo sana yenye uzito mwishoni. Kupima hivyo hivyo ndani ya ndege ni sawa na kupima dhahabu ya sonara ndani ya daladala inayopita kwenye mashimo. Kila ndege inaporushwa juu na upepo, springi hunyooka kana kwamba mvutano umeongezeka. Chombo hakiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Hata Einstein alisema kwamba ndani ya chumba kilichofungwa mtu hawezi kujua kama anavutwa na dunia au chumba chenyewe kinaongezewa mwendo.

Ukubwa wa tatizo hilo ni wa kutisha. Mtikisiko wa kawaida wa ndege angani unaweza kufikia miligali 100,000, wakati kinachotafutwa ni miligali moja au mbili. Jeshi la anga la Marekani lilijaribu kupima mvutano kwa ndege mwaka 1958, likaona kwamba jambo hilo linawezekana, ila kwa matokeo yasiyofaa kwa utafutaji wa mafuta. Tatizo halikuwa springi, bali kutojua ndege ilikuwa wapi hasa na ilipanda au kushuka kiasi gani kila sekunde.

Jibu lilikuja na satelaiti za GPS katika miaka ya 1980 na 1990. Vipokezi viwili, kimoja kwenye ndege na kingine ardhini mahali panapojulikana, hutoa njia ya ndege kwa usahihi wa sentimita. Kutokana na njia hiyo mahesabu huonyesha ni kiasi gani cha mtikisiko kilitokana na ndege yenyewe. Kiasi hicho hutolewa kwenye usomaji wa gravimita, na kinachobaki ni mvutano wa ardhi pamoja na kelele.

Kelele hizo hupunguzwa kwa kuchukua wastani wa muda, mara nyingi sekunde 60 hadi 100 au zaidi. Hapa mwekezaji afungue macho. Ndege inayokwenda kilomita 250 kwa saa husafiri karibu kilomita 7 katika sekunde 100. Kwa hiyo kila nukta kwenye ile ramani ya rangi nzuri ni wastani wa kipande kirefu cha ardhi. Umbo lenye upana wa kilomita 1 halionekani humo hata rangi ziwe kali namna gani. Kompyuta hulainisha na kuunganisha nukta, jicho likadhani linaona kila kilima.

Liko na jambo la mwelekeo. Ndege inayoruka kuelekea mashariki inazunguka pamoja na dunia, hivyo vilivyomo huwa vyepesi kidogo; ikielekea magharibi huwa vizito. Mwanasayansi wa Hungaria, Loránd Eötvös, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri, na limepewa jina lake. Kwenye ikweta athari yake ndiyo kubwa kuliko kote duniani: kosa la noti moja tu katika kasi ya kuelekea mashariki huleta kosa la miligali 7.5. Kenya, Uganda na Tanzania ziko hapo hapo. Siku hizi GPS hulimaliza tatizo hilo, lakini ramani za zamani zilizopimwa kwa ndege kabla ya GPS na kuuzwa upya kama sehemu ya hazina ya data za kampuni zafaa kutazamwa kwa jicho la pili.

Mlima unapoingia katikati

Yote hayo ni kwa nchi tambarare. Milima huongeza matatizo matatu, na yote matatu hugusa mfuko wa mwenye hisa.

La kwanza ni urefu wa kuruka. Mvutano wa umbo lililo ardhini hufifia kadiri chombo kinavyokuwa juu, na maumbo madogo hufifia haraka kuliko makubwa. Tuchukue mfano wa ndege inayopaswa kupita juu ya kilele cha mita 3,000 na kuacha nafasi ya usalama ya mita 300. Ikiruka kwa urefu huo huo mmoja hadi juu ya bonde lenye sakafu ya mita 1,000, itakuwa mita 2,300 juu ya sakafu. Kwa mahesabu ya kawaida, umbo linalojirudia kila kilomita 20 hufika kwenye chombo likiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Linalojirudia kila kilomita 5 hufika na karibu asilimia 6 tu. Mtu aweza kulipia wiki mbili za ndege, akarudi na picha safi ya bonde zima na asiwe na lolote kuhusu mkunjo aliotaka kuuchimba.

Kwa nini basi ndege isishuke bondeni na kupanda mlimani, ikifuata mgongo wa ardhi? Hufanya hivyo, na helikopta hufanya vizuri zaidi kwa kuwa huenda polepole. Lakini ndege ya mabawa haipandi kama mbuzi. Ina kikomo cha mwinuko inaoweza kuupanda na kuushuka kwa usalama, kwa hiyo njia yake hupangwa mapema kwenye kompyuta kama shuka lililotandazwa kwa ulegevu juu ya milima: hugusa karibu na vilele, huning'inia juu ya makorongo. Kila kupanda na kushuka huleta mchapuko mpya ambao lazima utolewe kwenye hesabu. Tena kuna upepo. Upepo unaopiga mlima hupanda upande mmoja na kuanguka kwa mawimbi upande wa pili, na rubani aliyezoea mbuga hushangaa. Ndiyo maana kazi nyingi za namna hii hufanywa alfajiri, kabla jua halijapasha miteremko moto. Siku ya hali mbaya ndege hukaa chini na bili ya uwanja inaendelea.

Pili ni urefu wenyewe kama namba. Mvutano hupungua kwa karibu miligali 0.31 kwa kila mita unayopanda, hivyo kosa la mita 3 ni miligali moja iliyopotea. GPS inajua urefu wa ndege vizuri. Kisichojulikana vizuri katika milima mingi ni urefu wa ardhi iliyo chini ya ndege, na huo unahitajika kwa jambo la tatu, ambalo kwa maoni ya wataalamu wengi ndilo kubwa.

Mlima ni rundo la mawe, nao huvuta. Tabaka pana la mwamba lenye unene wa mita 1,000 huvuta kwa karibu miligali 112. Hiyo ni mara tatu ya lile bonde letu la mashapo. Kabla ya kusema lolote kuhusu kilichofichika chini, mpimaji lazima akokotoe mvutano wa kila kilima na kila korongo kisha auondoe. Mahesabu haya hutegemea uzito wa mwamba uliochukuliwa. Kwa desturi hutumika gramu 2.67 kwa sentimita ya ujazo. Namba hiyo inafaa kwa mwamba mgumu wa kawaida. Haifai kwa majivu na mawe mepesi ya volkano, na nusu ya milima yetu mashuhuri, Kilimanjaro, Meru na nyanda za Ngorongoro, ilijengwa na volkano.

Mlima una mita 2,000 kutoka sakafu ya bonde. Mpimaji ametumia 2.67 lakini mwamba halisi ni 2.47. Kwa makadirio ya tabaka pana, kosa lake ni karibu miligali 17, yaani karibu nusu ya alama ya bonde lenye mashapo ya kilomita 3. Ubaya wake ni kwamba kosa hilo lina umbo la mlima ule ule, hivyo juu ya ramani hutokea kitu cha kuvutia chenye kingo safi na ukubwa unaopendeza, ambacho kwa kweli ni kivuli cha mlima wenyewe. Mtaalamu makini hulinganisha ramani ya mvutano na ramani ya vilima. Zikifanana mno, huyabadilisha makadirio ya uzito mpaka mfanano uondoke. Kampuni yenye haraka ya kwenda sokoni huenda isifanye hivyo.

Milima mikubwa ina hila moja zaidi. Katikati ya karne ya 19, wapimaji Waingereza nchini India waligundua kwamba Himalaya haikuivuta timazi yao kwa kiasi walichotarajia. Ikaja kueleweka kwamba milima mikubwa ina mizizi myepesi iliyozama chini, kama mtumbwi uliopakia mzigo unavyozama zaidi majini. Kwa hiyo mvutano hupungua chini ya milima hata pasipo na bonde lolote la mashapo, na asiyeliondoa jambo hilo hupata "bonde" mahali ambapo pana mzizi wa mlima tu.

Waliokwisha kujaribu

Uswisi ilifanya upimaji wa nchi nzima kwa ndege mwaka 1992, ikiruka juu ya vilele vyote vya Alps. Nchi hiyo ilikuwa na faida ambayo wengi hawana: ilikwisha kupimwa ardhini nukta kwa nukta, kwa hiyo majibu ya ndege yaliweza kulinganishwa na ukweli. Ilithibitika kwamba njia inafaa kwa maumbo mapana hata juu ya milima mikali.

Nepal ilifuata mwaka 2010, kwa ushirikiano na wataalamu wa Denmark na shirika la ramani la ulinzi la Marekani. Huko shida ilikuwa upepo mkali wa juu na vilele vinavyozidi uwezo wa ndege nyingi ndogo. Matokeo yalikuwa na makosa ya miligali kadhaa, makubwa kwa mtafuta mafuta lakini madogo kwa lengo lililokusudiwa, ambalo lilikuwa kujua usawa wa bahari ungekuwa wapi kama bahari ingepenya chini ya Himalaya. Usawa huo haujanyooka. Hufuata mvutano, hupanda palipo na mawe mazito. Bila kuujua, hakuna anayeweza kusema mlima una mita ngapi. Mwaka 2020 Wachina nao walipima mvutano kwa ndege katika eneo la Everest, na mwezi Desemba mwaka huo Nepal na China zikatangaza kwa pamoja urefu wa mita 8,848.86.

Jambo hilo liko karibu nasi. Kilimanjaro imeandikwa mita 5,895 katika vitabu tangu upimaji wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu walipanda na vipokezi vya GPS wakapata karibu mita 5,892. Mlima haukushuka kwa kadiri hiyo. Sehemu kubwa ya mjadala ni usawa wa bahari uliotumika chini yake. Serikali hulipia upimaji wa aina hii kwa ajili ya barabara, mabomba ya maji na mipaka. Mwekezaji asiuchanganye na upimaji wa kutafuta mafuta, hata kama ndege na chombo vinafanana. Kwa kazi ya kwanza kosa la miligali 3 si neno. Kwa kazi ya pili laweza kuwa kisima kizima.

Chombo kutoka kwenye nyambizi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitokea ufumbuzi mwingine uliobadilisha biashara. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na chombo cha siri cha kusaidia nyambizi zake, ambacho hakipimi mvutano wenyewe bali tofauti ya mvutano kati ya nukta mbili zilizo jirani. Vipimo viwili vikifungwa kwenye kisahani kimoja, mtikisiko wa ndege huvipiga vyote sawasawa, na mmoja ukitolewa kwa mwingine mtikisiko karibu wote hufutika. Kinachobaki ni tofauti inayotokana na miamba. Kampuni ya BHP ya Australia ilishirikiana na Lockheed Martin kukiweka ndani ya ndege, mfumo ukaitwa Falcon na ukaanza kazi mwaka 1999. Ndege za kwanza zilipewa majina ya Einstein, Newton na Galileo, jambo ambalo kwa kampuni ya madini ni la heshima kuliko kawaida.

Chombo hicho, gradiomita, huona maumbo madogo ambayo gravimita huyapoteza katika wastani wake wa sekunde mia. Huona vizuri hasa kingo: mahali ambapo mwamba mgumu umekatika na mashapo yakaanza. Kwa Bonde la Ufa hiyo ni habari ya thamani, kwa sababu nyufa kubwa za ukingoni ndizo mara nyingi zilizotengeneza mitego ya mafuta. Lakini gradiomita haikwepi mlima. Kwa kuwa husikia vilivyo karibu zaidi, husikia vilima kwa kelele kubwa zaidi kuliko gravimita, hivyo ramani sahihi ya ardhi, ambayo siku hizi hupimwa kwa leza kutoka kwenye ndege hiyo hiyo, ni lazima. Pia haioni vizuri maumbo mapana na ya kina, kwa hiyo makini hutumia vyombo vyote viwili pamoja.

Turkana: somo lililolipiwa

Kenya ina mfano ambao kila mfuatiliaji wa hisa za mafuta anaukumbuka. Shell ilipima mitetemo katika bonde la Lokichar, Turkana, na kuchimba kisima cha Loperot mwaka 1992 bila kufikia biashara, kisha ikaondoka. Miaka mingi baadaye Africa Oil na Tullow zikashika vitalu vya eneo hilo, na mwaka 2011 ikarushwa ndege yenye gradiomita juu ya sehemu kubwa ya vitalu. Ramani ilisaidia kuonyesha mabonde yako wapi na nyufa za ukingo zinapita wapi, ili fedha za mitetemo ziende mahali pachache palipochaguliwa. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 kimepata mafuta. Hisa za Africa Oil zikaruka.

Waliokuwa wamenunua kabla walifurahi, na visima vilivyofuata katika bonde lile lile vilizidi kuwapa moyo. Kisha hadithi ikawa ndefu. Ramani ile ile ya mvutano ilionyesha mabonde mengine jirani yaliyofanana na Lokichar kwa umbo. Mwaka 2015 kisima cha Engomo-1 katika bonde la Turkana Kaskazini kilichimbwa na kukosa mafuta. Bonde lilikuwepo, kama ndege ilivyosema. Mafuta hayakuwepo, na ndege haikuwahi kusema yapo.

Hata Lokichar yenyewe ilikwama katika bei ya dunia, urefu wa bomba na uzito wa mafuta yake yanayoganda yakipoa. Mwaka 2023 TotalEnergies na Africa Oil zilijitoa katika mradi, na mwaka 2025 Tullow ikakubali kuuza mali zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola za Marekani milioni 120. Aliyenunua hisa wakati wa shangwe za mwaka 2012 na kukaa nazo hadi hapo aliona hasara kubwa. Upimaji wa angani ulikuwa sahihi siku zote hizo.

Hapa nchini wengi wanakumbuka mwaka 2014, Swala Oil and Gas ilipouza hisa kwa umma kwa sh. 500 na kuingia katika dirisha la kampuni changa la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa na kitalu katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, na kisima kilichokuwa kikitajwa, Kito-1, kilipewa jina kabla ya kuchimbwa. Hakikuchimbwa. Walionunua walikuwa watu wa mishahara na wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa ya kampuni isiyo na mapato. Kampuni ya aina hiyo haina faida ya kugawa; inauza matumaini yaliyochorwa kwenye ramani, na ramani hiyo inahitaji kusomwa kama hesabu za benki zinavyosomwa.

Kusoma taarifa

Yapo maneno ya kutazamwa. Taarifa ikisema eneo lina "dalili" au "matarajio", bado hakuna kilichopatikana. "Rasilimali tarajiwa" ni makadirio ya kilichoweza kuwepo endapo kila sharti litatimia. "Akiba iliyothibitishwa" hutoka kwenye visima tu. Ndege haiwezi kuhamisha hata pipa moja kutoka fungu la kwanza kwenda la pili. Mwandishi wa taarifa anayezitaja zote mbili katika aya moja huenda hakukosea kwa bahati mbaya.

Nafasi kati ya mistari ya ndege ni kipimo kizuri cha nia ya kampuni. Mistari iliyoachana kilomita 5 inatafuta bonde. Iliyoachana mita mia chache inatafuta mtego. Kampuni iliyorusha kwa kilomita 5 halafu ikachora mtego wa kilomita 2 imechora kwa kubahatisha. Ipo pia mistari inayokatiza mingine. Mahali mistari miwili inapokutana kwa urefu ule ule, mvutano unapaswa kuwa mmoja. Tofauti za kwenye makutano hayo ndizo zinazoonyesha kosa halisi la kazi, na mkandarasi yeyote anazo. Milimani zikiwa chini ya miligali 2 kazi ni nzuri. Zisipotajwa kabisa, mwenye hisa ana haki ya kuziulizia kwenye mkutano mkuu, hata kama ana hisa 200.

Lakini hata kipimo kisicho na kosa kina majibu mengi. Bonde la kina lililojaa mashapo yaliyoshindiliwa na bonde fupi lililojaa majivu mepesi huweza kutoa mvutano uleule kabisa. Hakuna hesabu ya kuyatenganisha kwa mvutano peke yake. Ndiyo sababu kampuni makini huitumia ndege kuchagua mahali pa kupeleka mitetemo, kisha mitetemo ichague mahali pa kuchimba. TPDC ilikwenda kwa mpangilio huo katika bonde la Eyasi-Wembere, pembeni mwa nyanda za juu za Ngorongoro: ndege kwanza, katikati ya muongo wa 2010, halafu visima vifupi vya kuchukua sampuli za miamba, halafu mistari ya mitetemo. Kasi yake haimpendezi mnunuzi wa hisa anayetaka faida kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo dalali anapopiga simu na kusema ndege imeona kitu, swali la kumrudishia ni kama kampuni imekwisha kutenga fedha za mitetemo katika mwaka huo wa hesabu, kiasi gani, na zinatoka wapi. Ikiwa zinatoka katika toleo jipya la hisa, bei ya leo si ile atakayokuwa nayo mnunuzi baada ya toleo.